Mtu wa sita: kusoma vikosi vya futiboli ya vyuo Marekani kabla msimu haujaanza

Habari zenu wadau. Mliopo Dar, Mombasa, Kigoma, Lubumbashi, Bujumbura mpaka Muscat, karibuni. Niko Columbus, Ohio, na Agosti hii mji mzima unazungumza futiboli. Si ile ya Simba na Yanga. Ni hii ya kofia ngumu na mabega ya plastiki, tena ya vyuo vikuu, ambayo huku ina wenyewe. Uwanja wa chuo cha hapa, Ohio Stadium, unachukua watu 102,780.

Kabla msimu haujaanza ubishi huwa uleule: nani ana kwotabeki bora, yaani yule anayerusha mpira, nani ana wapokeaji wenye mbio. Mimi swali langu la kwanza ni hili: mtu wa sita kwenye mstari wa watu watano ni nani?

Ngoja nieleze kwa wanaoanza kufuatilia. Timu inayoshambulia ina watu 11, na inapewa majaribio manne kusogea yadi 10, kama mita tisa. Kati ya hao 11, watano ni mstari wa mbele, mibaba ya kilo 140 hivi, wengi wanakaribia mita mbili. Katikati yuko senta, anayeanzisha mpira kwa kuupitisha kati ya miguu yake. Kulia na kushoto kwake wapo magadi wawili. Nje yao wapo walinzi wa pembeni wawili. Kazi yao ni kumkinga kwotabeki na kumfungulia njia mkimbiaji. Kwotabeki anayerusha kwa mkono wa kulia akishajipanga kurusha huwa ameupa mgongo upande wa kushoto, kwa hiyo mlinzi wa pembeni kushoto anakinga mahali ambapo mwenzake haoni. Nafasi hiyo si ya kujaribia watu.

Tofauti kubwa na soka letu ni sabu. Huku hazina kikomo. Kila mpira ukisimama kocha anaweza kutoa watu na kuingiza wengine. Lakini wale watano wa mbele hawapokezani. Timu huanzisha mpira mara 65 hadi 70 katika mechi, na watano walewale wanabaki, kwa sababu kazi yao ni ya kuelewana: senta anaita jina la mpangilio, gadi anajua lini amwachie jirani mtu wake na lini amng'ang'anie. Kosa la nusu hatua, kwotabeki yuko chini. Ndiyo maana mtu wa sita haonekani wiki nzima, mpaka siku mmoja anapoumia.

Tazameni Ohio State, timu ya chuo cha hapa, mwaka 2024, kwa sababu sijui mfano unaofundisha zaidi ya huo. Oktoba walienda Oregon wakafungwa 32 kwa 31. Kibaya zaidi, mlinzi wa pembeni kushoto, Josh Simmons, akaumia goti na msimu wake ukaishia pale. Mechi iliyofuata, dhidi ya Nebraska, akaanza Zen Michalski. Akapata tabu, kisha naye akaumia. Makocha wakamtoa Donovan Jackson kwenye ugadi wa kushoto, wakamsogeza nje, na Carson Hinzman akaingia kwenye ugadi. Fanyeni hesabu hapo: pengo ni moja, nafasi zilizoguswa ni mbili. Novemba senta wao, Seth McLaughlin, akakatika kano ya kisigino mazoezini. Hinzman akahamia katikati kuwa senta, na ugadi wa kushoto wakaanza kupokezana Luke Montgomery na Austin Siereveld. Nafasi tatu kati ya tano, kuanzia katikati mpaka nje kushoto, hazikuwa tena na wenyewe.

Tarehe 30 Novemba wakaja watani wa jadi, Michigan. Timu hiyo ilikuwa imeshapoteza mechi tano. Siku hiyo kwotabeki wake alirusha yadi 62 tu, na mipira yake miwili ikadakwa na wapinzani. Ukiweka majina mezani unasema hakuna mechi hapa. Ila katikati ya safu yake ya ulinzi Michigan ilikuwa na majitu mawili, Mason Graham na Kenneth Grant, ambao wote walichaguliwa raundi ya kwanza na timu za NFL, ligi ya wachezaji wa kulipwa, mwaka 2025. Hao walisimama uso kwa uso na senta mgeni na gadi mgeni. Ohio State ikang'ang'ania kukimbiza mpira palepale katikati. Mechi nzima ikapata yadi 77 za kukimbia, ikafungwa 13 kwa 10 mbele ya watu wake, huku wapokeaji wake wenye mbio wakiwa pembeni. Nguvu ya Michigan iliangukia kidonda cha Ohio State, na makocha wa Ohio State hawakukikwepa kidonda chao. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi, maana lilikuwa mikononi mwao.

Ndugu zangu wa Kongo, mechi hii ina historia yenu ndani yake. Mwaka 1995 Ohio State iliingia kwa Michigan bila kufungwa hata mara moja. Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, akakimbia yadi 313 peke yake, Michigan ikashinda 31 kwa 23. Jina hilo wazee wa hapa Columbus wanalikumbuka vizuri sana.

Turudi 2024. Mstari uleule uliofunguka mbele ya Michigan ulishinda mechi nne za mtoano: Tennessee 42 kwa 17, Oregon 41 kwa 21, Texas 28 kwa 14, na fainali Notre Dame 34 kwa 23. Kilichobadilika ni vitu viwili. Kwanza, walipata wiki tatu za kufanya mazoezi pamoja kabla ya Tennessee. Pili, mpira ulianza kutoka haraka mkononi mwa kwotabeki kwenda pembeni kwa mpokeaji Jeremiah Smith na wenzake, kwa hiyo mstari haukulazimika kushikilia muda mrefu. Basi mnapopima kikosi Agosti hii, msihesabu vichwa tu. Ulizeni watano hawa wameshacheza pamoja mechi ngapi, na wa sita amefanyishwa mazoezi katika nafasi ngapi. Anayeweza kusimama kushoto na kulia ana thamani kuliko wawili wanaojua upande mmoja mmoja.

Safu ya mbele ya ulinzi ni habari nyingine kabisa. Hao wanapokezana kila mechi. Mtu wa kilo 140 anayesukumana na wawili kila mara hawezi kucheza mara 70 na nguvu zikabaki. Kocha mzuri anataka wanane anaowaamini: wanne wa katikati, wanne wa pembeni. Timu ikiwa na wawili tu wa katikati, itaonekana imara mpaka mapumziko, halafu robo ya nne itapitishwa mpira palepale. Dalili yake mtaiona kwa macho: mtu akichoka, kiuno kinainuka. Akianza kusimama wima mpira unapoanzishwa, jueni anasukumwa kirahisi, kwa sababu kwenye mstari aliye chini ndiye anayembeba aliye juu.

Hapo kuna ujanja mmoja. Mwamuzi anaipa ulinzi muda wa kubadilisha watu pale tu mashambulizi yanapobadilisha wa kwao. Mashambulizi yasipobadilisha mtu na yakaanzisha mpira upesi, mlinzi aliyechoka ananaswa ndani. Zamani mlinzi alijiangusha chini akidai ameumia ili wenzake wapumue. Tangu 2025, madaktari wakiingia kumhudumia baada ya mpira kuwekwa tayari, timu yake inapoteza taimauti moja, yaani nafasi yake moja ya kuomba mchezo usimame. Kanuni hiyo nimeipenda sana, na imefanya upana wa safu ya mbele uwe muhimu zaidi.

Kwotabeki wa pili nitamgusa kwa kifupi. Mwaka 2014 Ohio State ilimpoteza wa kwanza, Braxton Miller, mwezi Agosti. Wa pili, J.T. Barrett, akavunjika kifundo cha mguu dhidi ya Michigan. Wa tatu, Cardale Jones, akaanza mechi tatu: Wisconsin 59 kwa 0, Alabama 42 kwa 35, Oregon 42 kwa 20, ubingwa. Upande wa pili iko Florida State ya 2023: Jordan Travis alivunjika mguu Novemba, timu ikafika siku ya uteuzi na ushindi 13 bila kupoteza, na bado kamati inayochagua ikaiacha nje ya timu nne za mtoano. Sasa hivi mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa nje mwaka, kwa hiyo kwotabeki wa tatu mwenye kipaji kama Jones ni nadra kubaki akisubiri. Kwenye orodha angalieni wa pili amewahi kuanza mechi yoyote. Kama hajawahi, pale pana hatari.

Sasa tuje kwenye nani anamkabili nani, na hapa uwanja wenyewe una neno. Uwanja una upana wa futi 160. Katika futiboli ya vyuo kuna mistari miwili ya alama ndogondogo inayougawa: futi 60 kushoto, futi 40 katikati, futi 60 kulia. Mpira ukiishia pembeni, unawekwa kwenye alama ya upande huo. Maana yake, mara nyingi upande mmoja una futi 60 na wa pili una futi 100, yaani mita 18 dhidi ya mita 30. Kwenye NFL alama hizo zimekaribiana, hali hiyo haipo kwa kiwango hiki. Kwa hiyo mpokeaji mwenye mbio akisimama upande mpana, beki anayemkaba ana bahari ya kulinda. Upande mwembamba anawekwa beki mwenye mwili na mikono mirefu, anayeweza kumbana mpokeaji mkubwa dhidi ya mstari wa pembeni. Timu yenye beki mmoja tu hodari lazima ichague upande upi iuache. Mkiona jina kubwa la beki, ulizeni anasimama upande gani, na nani yuko upande wa pili.

Mfano: nusu fainali ya Januari 2025, Texas ilimzunguka Jeremiah Smith kwa watu wawili. Akapata mpira mmoja tu, yadi tatu. Lakini watu wawili juu ya mmoja ni kwamba mahali pengine pamepungua mtu, na mkimbiaji TreVeyon Henderson akapokea mpira mfupi akaenda nao yadi 75 mpaka mwisho. Mnapolinganisha timu mbili, jaribuni kumfuta nyota kwenye karatasi, kisha muangalie wa pili na wa tatu wamebaki na nani.

Hesabu hiyohiyo inafanya kazi kinyume. Mlinzi wa pembeni wa ule mstari wa watano akizidiwa, kocha anamwekea msaidizi, ama mkimbiaji ama taiti endi, yule mpokeaji mnene anayesimama jirani na mstari. Msaidizi huyo akibaki kukinga, wapokeaji wanaotoka wanapungua kutoka watano hadi wanne. Yaani udhaifu wa mtu wa sita unalipwa na kwotabeki.

Na wakiingia taiti endi wawili kwa pamoja, ulinzi unabanwa. Ukibaki na beki wa tano mwepesi, wa kilo 88 hivi, anakutana na mtu wa kilo 115 anayemsukuma. Ukimtoa ukaingiza mzito, yule taiti endi anatoka mbio kupokea mpira na mzito hamfikii. Kwangu mimi timu yenye taiti endi wawili wanaoweza kukinga na kupokea ni ngumu kuliko yenye wapokeaji watano wa mbio.

Orodha ya kikosi ikitoka kabla ya mechi ya kwanza, isomeni kwa tahadhari. Mkiona neno AU kati ya majina mawili, kocha hajaamua au hataki mpinzani ajue. Katika nafasi za ulinzi wa mbele AU ni nzuri, maana wote watacheza. Kwa senta na kwotabeki ni taa nyekundu. Mkiona jina moja ni wa pili kushoto na wa pili kulia, mjue hapo yupo mtu mmoja, hawapo wawili. Na msidanganyike na idadi ya 105 ambayo timu zinaruhusiwa sasa. Ndani yake wamo vijana wa mwaka wa kwanza ambao miili bado. Kijana anaweza kucheza hadi mechi nne bila kupoteza mwaka wake wa kustahiki, hivyo mechi nyepesi za Septemba ndizo za kuona nani anaandaliwa kuwa wa sita. Robo ya nne timu ikiongoza kwa mbali, msizime. Angalieni nani anaingia pembeni kushoto.

Kuhusu majeruhi, ligi ya Big Ten inatangaza wasiokuwepo masaa mawili kabla ya mechi. SEC, ligi nyingine kubwa ya vyuo, inaanza siku tatu kabla kwa mechi za ndani ya ligi. Mechi ya saa sita mchana hapa ni saa moja jioni Nairobi na Dar, na saa kumi na mbili jioni Lubumbashi. Ya saa tisa na nusu alasiri ni saa nne na nusu usiku Nairobi. Kuanzia Novemba, saa za huku zikirudishwa nyuma, ongezeni saa moja: Ohio State na Michigan, ambayo kwa kawaida huanza saa sita mchana, mtaipata saa mbili usiku, na orodha ya majeruhi itakuwa imetoka tangu saa kumi na mbili jioni. Ifungueni, nendeni moja kwa moja kwenye majina ya mstari wa mbele.