Ua Usio na Paa: Nyumba ya Sumiyoshi na Nyumba ya Moriyama

BAKARI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mazungumzo ya leo yanahusu nyumba za makazi nchini Japani, na Dada Rehema ameomba tuanzie Osaka, katika eneo la Sumiyoshi, mwaka 1976.

REHEMA: Ahsante, Kaka Bakari. Nyumba hii ya Sumiyoshi naipenda tangu nilipoona mchoro wake. Msanifu Tadao Ando, aliyewahi kuwa bondia na aliyejifunza usanifu mwenyewe bila kupitia chuo, alipewa kiwanja cha mita za mraba 57 hivi, chenye upana wa mita tatu na ushee, kilichobanwa na nyumba za mbao kulia na kushoto. Alijenga sanduku la zege lisilo na dirisha hata moja upande wa barabarani, akaligawa mafungu matatu, kisha fungu la katikati akaliacha liwe ua usio na paa.

BAKARI: Yaani kiwanja chenyewe hakitoshi, naye anaiachia mbingu theluthi yake!

REHEMA: Kwa sababu bila ua huo, kuta zile zingewafungia wakaao humo gizani. Mwanga wote na hewa yote ya nyumba hupitia hapo. Sebule iko mbele, jiko na bafu viko nyuma, vyumba viwili vya kulala viko juu, navyo vimeunganishwa kwa kidaraja kilicho wazi. Mtu aliyelala ghorofani akibanwa na haja usiku wa mvua hushika mwavuli, hushuka ngazi iliyolowa, huvuka ua, ndipo afike msalani.

BAKARI: Hapo ndipo ninapopata shida. Nyumba ni sitara, na mtoto au mzee hapaswi kulowa ndani ya nyumba yake mwenyewe wakati wa baridi.

REHEMA: Hoja yako ina uzito. Hata msanifu mkongwe Togo Murano, alipokwenda kuitazama kwa ajili ya tuzo, alisema wanaostahili kutuzwa ni wale wanaoishi humo. Lakini Ando hakuwa mkatili: pale ambapo mguu na mkono hugusa, aliweka mawe na mbao, si zege tupu.

BAKARI: Mimi moyo wangu uko Tokyo, katika wilaya ya Ota, kwenye Nyumba ya Moriyama iliyokamilika mwaka 2005. Katika miji hiyo viwanja hupungua kila kizazi, kwa kuwa warithi wengi hulazimika kugawa ardhi na kuuza sehemu ili walipe kodi ya mirathi. Msanifu wake, Ryue Nishizawa, aliigawa nyumba yenyewe ikawa visanduku kumi vyeupe, vikubwa kwa vidogo, vilivyotenganishwa na vijia na bustani. Katika baadhi anakaa mwenye nyumba, vingine hupangishwa.

REHEMA: Na bafu la mwenye nyumba ni kibanda cha peke yake. Huoni kwamba naye hutoka nje ili akaoge?

BAKARI: Hutoka, nakubali. Ila njiani hupita kando ya miti, na kupitia madirisha yale makubwa huona taa ya mpangaji wake bado inawaka. Kwa hatua hizo chache, mimi ningekubali kulowa.