Meli ya Karibi na Ukoo Mzima: Maswali ya Shemeji Kombo

REHEMA: Tumerudi, wasikilizaji wetu. Leo hatuna mgeni, mgeni ni shemeji yangu mwenyewe hapa. Mke wake amelipa kianzio cha meli ya matembezi ya Karibi, usiku saba kutoka Galveston, bandari ya hapa Texas, bila kumwuliza.

KOMBO: Aliniuliza. Nilikuwa nimelala, nikaguna. Akahesabu ni ndiyo.

REHEMA: Mnakwenda wangapi?

KOMBO: Sita. Sisi wawili, watoto watatu, na mama. Kitinda mimba ana miaka miwili na miezi tisa, Februari anatimiza mitatu, na Machi wakifunga shule tunaondoka. Lakini nikwambie, Da Rehema, mimi naona nimelipia kufungiwa wiki nzima kwenye hoteli inayoyumba. Mimi mtoto wa Wete bwana. Nimevuka mkondo wa Pemba kwa mashua, mbuzi miguuni.

REHEMA: Mashua yenu haikuwa na aiskrimu ya bure. Haya, mimi nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilikosea karibu kila kitu. Ya pili ilikuwa Julai, na mama yangu na wanangu wawili, na hiyo ndiyo niliyoifaidi. Uliza.

KOMBO: Pesa kwanza. Tangazo lina bei nzuri mno, naiogopa.

REHEMA: Iogope. Bei ya tangazo ni ya kichwa kimoja, na imehesabiwa kama mko wawili chumbani. Wa tatu na wa nne chumba hichohicho mara nyingi hupungukiwa kidogo. Halafu angalia kama kodi na ada za bandari zimo. Halafu kuna bakshishi, na hii ndiyo inayowatoa watu macho.

KOMBO: Bakshishi si hiari ya mtu?

REHEMA: Kwenye meli nyingi za huku inaingia yenyewe kwenye akaunti ya chumba, kila siku, kila kichwa, watoto nao. Kampuni kubwa zinatoza kama dola 16 hadi 20. Chukua 17, mara watu sita, mara siku saba.

KOMBO: Subiri nipige hesabu... 714. Dola 714!

REHEMA: Na hujanywa soda. Maji, chai, kahawa ya kawaida, juisi ya asubuhi, hivyo vimo. Soda inalipiwa, intaneti inalipiwa, na kuacha gari bandarini wiki nzima kunalipiwa. Melini hamna noti, unapewa kadi, unaigusisha tu, ndiyo maana watu hawasikii uchungu mpaka asubuhi ya kushuka. Waambie wakufungie kadi za watoto zisinunue kitu. Na simu iweke kwenye hali ya ndege kabla nchi kavu haijapotea, kwa sababu meli ina mnara wake na mnara huo hauna huruma.

KOMBO: Haya, na karatasi? Mimi, mama watoto na mama tuna uraia. Watoto wamezaliwa hapa Houston. Nimeambiwa cheti cha kuzaliwa kinatosha.

REHEMA: Umeambiwa kweli. Raia wa Marekani, kama meli inaondoka na kurudi bandari ileile, anaruhusiwa kupanda kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha serikali chenye picha. Mtoto chini ya miaka 16, cheti peke yake. Ila mimi simshauri mtu. Nitakuja kukwambia kwa nini nikifika kisiwa cha Roatán.

KOMBO: Na wasikilizaji wetu wenye grini kadi, ile ya ukaazi wa kudumu?

REHEMA: Hao wawe waangalifu zaidi. Watu wanadhani safari ya kuzunguka na kurudi Texas si safari ya nje. Ni ya nje. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayokataza meli za kigeni kubeba abiria kati ya bandari za Marekani, na meli hizi karibu zote zimeandikishwa Bahamas, Panama na kwingineko. Kwa hiyo lazima iguse nchi ya watu. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya na grini kadi, Mexico haimdai viza. Lakini Mexico si Honduras, wala Honduras si Belize. Kila bandari iliyo kwenye ratiba yako, uliza kampuni ya meli kwa pasipoti yako wewe, si ya jirani. Na aliyeomba hifadhi na bado anasubiri jibu, huyo asipande kabisa bila kibali cha kusafiri kutoka uhamiaji. Akitoka bila hicho, wanahesabu ameliacha ombi lake. Kwa ajili ya nyama choma ya baharini!

KOMBO: Hapo umesema. Siku yenyewe ya kupanda?

REHEMA: Lala Galveston usiku wa kuamkia, msikimbizane na foleni za barabara. Wapeleke watoto katikati ya mji, ndipo tangazo la uhuru wa watumwa wa Texas liliposomwa tarehe 19 Juni 1865. Asubuhi mnafika bandarini, wapagazi wanachukua masanduku. Na hapa ndipo mimi niliumbuka. Masanduku hayaendi na wewe. Yanafika mlangoni kwa chumba chako jioni, pengine usiku. Mimi nguo za kuogelea za watoto nilizitia sandukuni. Saa saba mchana tuko juu, bwawa lile pale, wenzao wanaruka, wangu wamekaa na suruali za jinzi wananitazama kama nimewaibia.

KOMBO: Kwa hiyo begi la mkononi.

REHEMA: Nguo za kuogelea, dawa, pasipoti, chaja. Na mama yako mwambie pasi ya umeme aiache nyumbani.

KOMBO: Mama bila pasi? Kanga zake anapiga pasi hata za kulalia.

REHEMA: Watamnyang'anya. Pasi, birika la umeme, mishumaa, udi na chetezo, vyote wanaogopa moto. Meli nyingine zina chumba cha kufulia chenye pasi, aende huko. Pilipili ya chupa, iliyofungwa kiwandani, mimi nilipita nayo, nikaitoa kila mlo. Meza za jirani zilianza kuomba.

KOMBO: Chakula chenyewe kikoje kwetu sisi? Mama ataanza na hilo.

REHEMA: Ni kingi mpaka kinachosha. Nyama halali unaiomba mapema, wiki kadhaa kabla ya safari, kwa maandishi, na hata hivyo hakikisha tena na mkuu wa wahudumu usiku wa kwanza. La sivyo mnakula samaki, mayai na mboga, na kwenye supu uulize, kwa sababu vipande vya nguruwe vinajificha. Kibla ndicho kilichotuchekesha. Kule Karibi ni kama kaskazini mashariki, lakini meli inageuka, na dira ya simu ndani ya chuma kile inazunguka kama pia. Mama alikuwa anafungua televisheni ya chumbani, kuna chaneli ya ramani inaonyesha meli inaelekea wapi, anapima na mkono, anaswali.

KOMBO: Chumba ni kikubwa?

REHEMA: Kidogo. Vitanda vya watoto vinateremka kutoka darini, wao wanaona ni sikukuu. Choo kinavuta kwa kishindo, wa mwanzo aliyekaa alipiga ukelele. Mama yako mchukulie chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini, hapo mtikisiko unapungua. Na wewe.

KOMBO: Mimi bahari hainilevyi.

REHEMA: Ya mashua unaiona inakuja, unajishika. Hii huioni. Umesimama unapakua wali, sakafu inaondoka polepole. Beba tangawizi, na vidonge vya meclizine, vya kuzuia kulevywa na bahari, umeze kabla ya kuanza kuzunguka, si baada. Mnabaki baharini siku tatu nzima kati ya hizo saba, na bandari ni tatu tu. Hilo pia watu hawaambiwi.

KOMBO: Na zile habari za zoezi la kuokoana? Nasikia watu wanakwepa.

REHEMA: Wasikwepe. Meli ya *Costa Concordia* ilipopinduka Italia, Januari 2012, wakafa watu 32, walikuwamo abiria waliopanda jioni ileile ambao walikuwa bado hawajafanya zoezi. Tangu hapo lazima lifanyike kabla meli haijatoka au inapotoka tu. Siku hizi ni jepesi, unatazama video, unakwenda kujionyesha mahali pako pa kukusanyika. Mimi huwatembeza watoto kutoka chumbani mpaka pale kwa ngazi, si kwa lifti, mara mbili.

KOMBO: Basi nishushe sasa. Roatán.

REHEMA: Ah, Roatán. Ni kisiwa cha Honduras. Ukishuka gatini unakutana na maduka ya vito, viti vya pwani, muziki wa juu, na ukitaka unaweza kubaki hapohapo ukarudi ukasema umeiona. Mara ya kwanza nilifanya hivyo. Mara ya pili tukachukua gari, upande wa mashariki, mpaka Punta Gorda, kijiji cha Wagarifuna.

KOMBO: Wagarifuna ni nani?

REHEMA: Ni watu wenye damu ya Afrika na ya wenyeji wa visiwa vile, Wakaribi na Waarawak. Walikuwa kisiwa cha Saint Vincent, wakapigana na Waingereza, wakashindwa. Mwaka 1797 Waingereza wakawapakia melini wakaja kuwatupa Roatán. Punta Gorda ndiyo makazi yao ya kwanza Amerika ya Kati, na kutoka hapo wakaenea pwani yote mpaka Belize na Guatemala. Lugha yao, ngoma zao, UNESCO ilizitambua mwaka 2001. Sasa sikiliza. Tumefika, kuna mama mmoja anatwanga kwenye kinu. Kinu, shemeji, cha mti, na mchi! Mama yangu akasimama. Anatwanga ndizi za kuchemsha, mbichi na mbivu pamoja, na pembeni samaki kwenye tui la nazi. Wanakiita machuca.

KOMBO: Hicho si chakula cha watalii. Hicho ni cha kwetu!

REHEMA: Mama hajui Kihispania, yule mama hajui Kiswahili. Mama akaunyoosha mkono akaomba mchi. Wakatwanga wawili, kwa zamu, tu tu, tu tu, hakuna aliyepiga kofi wala aliyepangwa. Alipoonja akanigeukia, akasema tui zito, chumvi sawa, pilipili imesahauliwa. Nikatoa chupa. Basi tukakaa pale mpaka dereva akaanza kukohoa.

KOMBO: Na saa?

REHEMA: Ndiyo, saa. Hapo ndipo tulipokaribia kuachwa. Mwisho wa kurudi ilikuwa saa kumi na nusu kwa saa ya meli. Meli yetu ilibaki na saa ya Galveston. Honduras hawasogezi saa mwaka mzima, Texas wakati wa kiangazi wanasogeza. Simu yangu ikajibadilisha yenyewe ikashika ya Honduras, saa moja nyuma. Mimi naona saa tisa kasoro robo, natafuna, kumbe meli inasema saa kumi kasoro robo.

KOMBO: Lahaula.

REHEMA: Mwanangu ndiye aliyekuwa na saa ya mkono. Dereva aliendesha, mimi nilikuwa nasoma dua. Sasa kumbuka ya pasipoti. Meli ikikuacha, haigeuki. Unatafuta mwenyewe ndege ya bandari inayofuata au ya nyumbani, na kwa ndege cheti cha kuzaliwa hakikusaidii kitu. Ukinunua matembezi kwa meli yenyewe, wakichelewa wanasubiriwa. Ni ghali zaidi. Ukienda na dereva wako, ni rahisi na ni tamu zaidi, lakini vaa saa ya mkono usiyoibadilisha, na rudi saa moja na nusu kabla. Nyinyi Machi, kama Wamarekani watakuwa wameshasogeza saa zao, mtego ni uleule.

KOMBO: Belize je?

REHEMA: Belize City meli kubwa hazifungi gati, zinatia nanga mbali, mnateremshwa kwa mashua kama dakika ishirini hivi au zaidi. Na mama mwenye magoti mabovu, mfikirie. Cozumel, kule Mexico, gati lipo, mnashuka kwa miguu. Halafu utafurahi, angalia beji za wahudumu, zina jina na nchi. Wengi ni Wafilipino, Waindonesia, Wahindi. Siku ya pili nikaona imeandikwa Kenya. Kijana wa Likoni, mkataba wa miezi minane. Nikamwamkia kwa Kiswahili, akaiweka sinia chini. Tangu siku ile meza yetu ilikuwa na chapati, sijui alizitoa wapi.

KOMBO: Watoto wakiumwa?

REHEMA: Kuna daktari, na bili inakwenda kwenye akaunti ya chumba. Bima nyingi za afya za huku hazilipi baharini, nunua ya safari. Na mikono waoshe kwa maji na sabuni, zile dawa za kupaka haziwawezi virusi vya tumbo vinavyopita melini. Vimbunga msiwe na wasiwasi navyo, msimu wake Juni mpaka Novemba. Wakubwa wawili umri gani?

KOMBO: Tisa na sita.

REHEMA: Hao hamtawaona. Klabu ya watoto ni ya bure mpaka saa nne usiku, watakulilia kuondoka. Tatizo lenu ni huyo wa tatu.

KOMBO: Kwani? Klabu inachukua kuanzia mitatu, mama yao kaniambia. Atakuwa ametimiza.

REHEMA: Inachukua wa miaka mitatu asiyevaa pampasi. Na mabwawa ya kuogelea vilevile, mwenye pampasi haingii, hata zile za kuogelea. Ni kanuni za afya, hawakubembelezi. Bado anavaa?

KOMBO: ...Mchana na usiku.

REHEMA: Basi mtu mmoja kati yenu atakaa naye siku tatu za baharini akimpigia maji kwa ndoo. Nani aliyeguna usingizini?

KOMBO: Da Rehema, poti za watoto zinauzwa wapi hapa karibu?