Hadidiski Inalia "Ta, Ta"? Pima Umeme Kabla Hujaitupa

Sikiliza kwanza. Nasogeza kipaza sauti karibu na hadidiski. Ta… ta… ta. Taa inawaka, inafifia, inawaka tena, na kwenye kompyuta hakuna kilichotokea. Wengi wakisikia mlio huu wanadhani diski imekufa, wanaitupia kwenye droo pamoja na harusi ya watu iliyomo ndani. Hii niliyoshika haijafa. Ina njaa ya umeme, na leo tutaitafuta njaa hiyo hatua kwa hatua.

Karibu sana. Niko Moshi, hapa Soweto, na kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi na sendofu. Somo hili nilifundishwa na harusi moja ya Machame. Tulikuwa na kamera tatu. Wakati ndafu inaingia ukumbini, mimi niko nyuma ya jukwaa nakopi kadi za kamera, hadidiski mbili nimezichomeka kwenye habu moja ndogo, kile kifaa cha kugawa tundu moja la USB kuwa mengi, isiyo na adapta yake. Diski ya pili ilipoanza kuzunguka, ya kwanza ikazimika katikati ya kukopi. Nilipoirudisha, folda ya kamera ya pili ilikuwa tupu. Bahati nzuri kadi nilikuwa sijaifuta. Nisingekuwa na la kumwambia mama wa bibi harusi.

Haya, hatua ya kwanza. Geuza hadidiski, soma kibandiko. Sogea karibu uone: 5V, 1A. Hii ni ya inchi 2.5, ile ndogo ya mfukoni. Volti 5 mara ampea 1 ni wati 5. Sasa tazama tundu unalochomekea. USB 2.0, kwa kanuni yake, inatoa nusu ampea, yaani wati 2.5. USB 3.0, ambayo mara nyingi ina ulimi wa buluu, inatoa ampea 0.9, yaani wati 4.5. Umeona? Hata la buluu halifiki.

Utaniuliza, mbona kwa jirani inawaka? Ile ampea moja inahitajika sekunde chache tu, sahani zilizo ndani ya diski zinapoanza kuzunguka. Ni kama mkokoteni wa ndizi pale Mbuyuni: kazi kubwa ni kuusukuma uondoke, ukishashika mwendo unasukumwa na mtu mmoja. Laptopu nyingine huachia umeme zaidi kidogo ya kanuni, nyingine haziachii hata chembe. Ndiyo maana diski ile ile inakubali kwenye mashine hii na kugoma kwenye ile.

Jambo hili halitokei wakati wa kuwasha tu. Ukihariri kamera tatu kwa pamoja, mkono wa kusomea ndani ya diski unaruka huku na huku kutafuta klipu, na unakula umeme. Kwa hiyo diski iliyowaka vizuri asubuhi inaweza kukukatikia unapovuta taimulaini mbele na nyuma. Watu wanailaumu programu ya kuhariria. Anza na umeme.

Hatua ya pili ni waya, na hapa naomba utulie, maana ndipo hela nyingi zinapotea bure. Nauweka chini ya kamera. Kuna maandishi madogo yamechapwa kwenye ganda la waya: 28AWG. Hicho ndicho kipimo cha unene, na namba ikiwa kubwa uzi ni mwembamba. Uzi wa 28 wenye urefu wa mita moja, ukipitisha ampea moja kwenda na kurudi, unapoteza karibu volti 0.4. Umetoka na 5, umefika na 4.6. Diski nyingi zinataka volti isishuke chini ya 4.75. Sasa huu mwingine: umeandikwa 24AWG kwenye nyuzi za umeme, na ni mfupi, sentimita 30. Unapoteza volti 0.05 tu. Nachomoa ule mrefu, nachomeka huu. Sikiliza… umesikia? Ule mvumo laini, kisha kimya. Diski imetokea kwenye kompyuta. Ni diski ile ile, tundu lile lile.

Ukiwa na mita ndogo ya USB, ile inayokaa kati ya tundu na waya, iweke upande wa diski, mwisho wa waya, kwa sababu unataka kujua kinachofika. Za bei ya chini zinasoma polepole na zinaweza kukosa ule mruko wa kwanza, lakini volti ikikaa chini ya 4.75 muda wote, jibu umelipata.

Waya mfupi ukishindwa, nunua habu yenye adapta yake. Adapta ya volti 5 ampea 3 inatosha diski mbili ndogo, na nakushauri usiziwashe kwa mpigo. Ipo pia waya yenye vichwa viwili inayochota umeme kwenye matundu mawili. Inasaidia, ila kwangu ni ya dharura.

Hatua ya tatu ni kasha kubwa, la diski ya inchi 3.5. Hizi hazili umeme wa USB kabisa. Injini yake inataka volti 12, na inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwenye hizo volti 12. Hiyo ni wati 24 kwa diski moja, bado saketi yake haijahesabiwa. Sasa mtu ana kasha la diski mbili, adapta imepotea, ameokota ya ruta. Nimeishika hapa, soma: 12V, 1A. Kipini kinaingia vizuri kabisa. Taa inawaka, feni inazunguka, diski zinalia ta ta ta. Diski mbili zikianza pamoja zinahitaji hadi wati 48. Yapo makasha yanayowasha diski moja kisha nyingine, hayo yanapumzisha adapta. Lako kama halifanyi hivyo, tafuta adapta ya volti 12 ampea 5. Na kama umeziunganisha diski mbili zisomeke kama moja ili upate spidi, ikizimika moja umepoteza zote.

Kuhusu adapta shika hivi. Volti lazima ziwe sawasawa na kilichoandikwa kwenye kasha. Ampea zikizidi hakuna ubaya, kifaa kinachota kinachohitaji tu. Angalia ule mchoro mdogo wa duara wenye alama ya kujumlisha na kutoa: chanya iwe katikati kama kasha linavyoonyesha. Na tafadhali usijaribu chaja ya laptopu ya volti 19 kwa sababu tu kipini kinaingia. Saketi itaungua, na inaweza kuondoka na diski. Wapo pia wanaotaka kuunga kasha moja kwa moja kwenye betri ya gari wakiwa porini, wakisema zote ni volti 12. Injini ya gari ikiwaka, betri inasoma volti 14 na kitu. Tumia inveta pamoja na adapta yenyewe.

SSD, zile diski zisizo na sahani ya kuzunguka, nazo zinakula umeme. Zile za NVMe, aina yenye kasi zaidi, zikiandika mfululizo zinaweza kupita wati 7, na tundu la buluu lina 4.5. Ikikatika baada ya dakika kadhaa za kukopi, ihamishie kwenye tundu la USB-C linalotoa ampea 3, yaani wati 15, kisha ujaribu tena.

Hatua ya nne inatuhusu sana sisi. Umeme wa TANESCO ukikatika, laptopu ina betri, inaendelea kana kwamba hakuna kitu. Kasha la adapta linazimika papo hapo, katikati ya kuandika. Diski nyingi za video tunazifomati kwa exFAT, yaani mfumo wa kupanga faili, ili zisomeke kwenye Windows na Mac, na exFAT haiweki kumbukumbu ya pembeni ya kurekebishia kazi iliyokatika. Folda tupu ya Machame ilitokea hivyo. Kwa hiyo kasha langu linakaa kwenye UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, na monita naichomeka ukutani ili isimalize betri ya UPS.

Sasa tujaribu yote. Diski iko kwenye waya mfupi, habu ina adapta, mita inasoma 4.9. Nakopi gigabaiti 50 za kamera ya kwanza. Inapokopi nafungua klipu tatu kwa pamoja na kuzivuta mbele na nyuma, makusudi, niitese. Mita inashuka hadi 4.86, inarudi. Naiacha hadi mwisho… imemaliza. Nafungua klipu ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, zote zinacheza. Naitoa diski kwa amri ya kompyuta, nasubiri mvumo unyamaze, ndipo nachomoa. Kadi bado siifuti mpaka nakala ya pili iwe kwenye diski nyingine, na hiyo naichomeka sasa hivi.