Kuvunja 4,294,967,297 kwa kikokotoo cha simu

Andika namba hii kwenye karatasi: 4,294,967,297. Ni 2 kwa kipeo cha 32, ukaongeza 1. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse huko Ufaransa, aliamini kuwa ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Leo tunaivunja.

Anza na majaribio mepesi. Inaishia na 7, kwa hiyo 2 na 5 hazimo. Jumlisha tarakimu zake, unapata 59, nayo haigawanyiki kwa 3. Ukiendelea hivyo na kila namba tasa, una kazi hadi 65,536, kilipo kipeuo chake cha pili, na njiani humo mna namba tasa 6,542. Sikushauri.

Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, aliivunja mwaka 1732, na baadaye akaeleza siri yake: kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Basi andika 65, 129, 193, ukiongeza 64 kila mara, kisha kata zisizo tasa. Ukifika 641 mkononi utakuwa na tano tu: 193, 257, 449, 577 na 641. Simamisha video uhakikishe.

Nne za kwanza hazifai. Kwa mfano, 257 inabakiza 2. Twende kwenye 641, na hapa fuata polepole, maana ndiyo sehemu tamu. Hatuigawi namba yote kwa mkupuo, tunabeba mabaki tu. 2 kwa kipeo cha 8 ni 256. Zidisha 256 kwa 256, unapata 65,536, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 16. Ndani yake 641 inaingia mara 102, baki 154. Achana na 65,536, shika 154. Zidisha 154 kwa 154: 23,716. Humo 641 inaingia mara 36, baki 640. Hilo ndilo baki la 2 kwa kipeo cha 32. Sasa rudisha ile 1 ya mwisho. 640 na 1 ni 641. Imegawanyika!

Ukigawanya kawaida unapata 6,700,417. Je, nayo inavunjika? Masharti ni yaleyale, na kipeuo chake hakifiki 2,589, kwa hiyo jaribu 641 tena, 769, 1153, 1217, 1409, 1601 na 2113. Zote zinabakiza, basi ni tasa. Namba yetu ina vigawo vinne tu: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe.

Zoezi: chukua 2 kwa kipeo cha 64, ongeza 1. Kigawo chake tasa kilicho kidogo zaidi ni 274,177. Kithibitishe kwa njia hiihii ya mabaki, kisha uandike kwenye maoni baki ulilopata kwenye kipeo cha 32.