Ukuta Wetu, Ankara ya Nani?

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mabibi na mabwana, asanteni kwa kunikaribisha. Kazi yangu ni ukadiriaji majenzi, na kwa kawaida mkadiriaji huitwa kabla tofali la kwanza halijawekwa. Kwenye ugomvi wa majirani naitwa mwishoni: ukuta umeshasimama, fundi ameshalipwa, na mtu ameshika ankara ambayo jirani yake anasema hakuiagiza.

Sikilizeni hoja zao. Aliyejenga anasema: ukuta ulipasuka, ungeweza kuangukia watoto wa pande zote mbili, nimeutengeneza, lete nusu. Mwenzake anajibu: ningeulizwa, ningeleta fundi wangu, au ningeshauri tuzibe nyufa badala ya kubomoa. Wote wanasema kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mara nyingi fedha zenyewe si nyingi kihivyo. Kinachouma ni kupangiwa matumizi na mtu wa upande wa pili.

England na Wales wana sheria ya mwaka 1996 kuhusu kuta za pamoja. Anayetaka kukarabati au kujenga upya ukuta wa pamoja humpa jirani taarifa ya maandishi miezi miwili kabla. Jirani asipojibu ndani ya siku 14, sheria haimhesabu kuwa amekubali. Inahesabu kwamba pana mgogoro, na wataalamu wa majengo wanaingia: ama mmoja aliyekubaliwa na wote, ama kila upande na wake, na hao wawili wanamchagua wa tatu. Mimi nakipenda sana kipengele hicho cha kimya, kwa sababu mwenye kujenga husikia "ndiyo" katika kimya kilekile ambacho jirani alikusudia "hapana" ya heshima.

Sasa mgao. "Nusu kwa nusu" ni rahisi kutamka, na inafaa pale ambapo ukuta umechakaa kwa umri tu na wote wanautumia sawasawa. Lakini kama mizizi ya mti wako ndiyo iliyoinua msingi, au umepandisha ghorofa juu ya ukuta ule, nusu yangu inatoka wapi? Sheria hiyohiyo ya 1996 inataka gharama za kurekebisha ubovu zigawanywe kwa kuangalia nani anautumia ukuta kiasi gani na nani anawajibika kwa ubovu wenyewe. Kazi uliyoitaka kwa faida yako, unalipa wewe. Jirani akija baadaye kuitumia kazi hiyo, anadaiwa sehemu yake, tena kwa gharama za wakati huo.

Wafaransa, katika sheria yao ya madai ya tangu 1804, wanamruhusu mtu kukwepa mchango wa ukarabati kwa kuiacha haki yake juu ya ukuta, ila si kama ukuta huo umebeba jengo lake. Naona ni haki kabisa. Huwezi kuegemeza chumba chako pale halafu useme ukuta haukuhusu.

Bomba la maji taka linachanganya zaidi, maana halionekani. Tuseme nyumba tatu zinatumia bomba moja. Maji ya nyumba ya juu yanapita bomba lote. Ya nyumba ya mwisho yanapita kipande cha chini tu. Likiziba chini, wote watatu wanahusika. Likipasuka juu, kati ya nyumba ya kwanza na ya pili, kwa nini wa tatu achangie? Na kumbukeni, anayefurikiwa uani mara nyingi ni wa chini, ambaye pengine uchafu ulioziba si wake. Kwa hiyo fungueni chemba kwanza, mjue tatizo liko wapi, ndipo mtaje fedha.

Ukuta ukiwa unainama leo, msisubiri kikao: uwekeeni mihimili, pigeni picha, tunzeni risiti. Lakini gharama ya mihimili isigeuke kibali cha kujenga ukuta mpya. Hayo ni mazungumzo mengine, yenye makadirio ya mafundi wawili na maandishi yanayosema kikomo cha bei, na nini kitafanyika msingi ukichimbuliwa ukakutwa mbovu. Na ukitaka nakshi ya mawe wakati lipu ya kawaida ingetosha, tofauti ni yako.

Kabla sijapanda hapa mama mmoja ameniuliza: na jirani asiye na kitu kabisa? Mama, mwenye uwezo atangulize, deni liandikwe, lilipwe kidogokidogo. Tatizo ni siku mdaiwa atakapouza nyumba, kwa sababu makubaliano yenu ninyi wawili kwa kawaida hayamfungi mnunuzi. Mwoneni mwanasheria wa ardhi mapema, awaambie kama deni hilo linaweza kusajiliwa mahali mnunuzi atakapoliona kabla hajalipa.

Karibuni maswali mengine.