Shule Mpya ya Msingi: Tupime Njia Kwanza

Ndugu zangu, waliowahi kunisikia wanajua nitakapoanzia. Naanzia njiani. Kikao cha shule mpya hukimbilia gharama, ramani na jina litakaloandikwa getini. Saa mbili zinapita na hakuna aliyeuliza mtoto wa miaka sita atatembea umbali gani, na nani atamvusha barabara.

Mtaniambia: shule ipo, tuongeze madarasa palepale, ni nafuu. Hoja hiyo naijua na naiheshimu. Eneo lipo, mwalimu mkuu yupo, vyoo vipo. Lakini madarasa ya ziada yanapunguza mlundikano wa watoto ambao tayari wanafika. Yule asiyeandikishwa kwa sababu shule iko mbali, hata mkimwongezea ghorofa tatu huko huko, bado iko mbali.

Nataka mnisikilize hapa. Katika mkoa wa Ghor, Afghanistan, watafiti Dana Burde na Leigh Linden walichukua vijiji 31. Mwaka 2007 baadhi yake, vilivyopatikana kwa bahati nasibu, vilifunguliwa shule ndani ya kijiji. Vingine vilisubiri, watoto wao wakibaki na shule za serikali zilizokuwa mbali. Umaskini ulikuwa ule ule, mila zile zile. Basi, katika kila wasichana 100, shule ya kijijini iliwaingiza darasani 52 zaidi. Pengo la uandikishaji kati yao na wavulana likafutika! Na kila maili moja iliyoongezeka kati ya nyumba na shule ilipunguza watoto 16 katika kila 100. Maili moja, wazee wangu. Mtu mzima anaitembea huku anapiga soga.

Ingekuwa rahisi kusema wazazi wa kule hawataki kusomesha mabinti. Shule iliposogezwa, waliwaandikisha. Ndiyo maana nakereka mtu akisimama kwenye kikao na kusema watu wa upande ule hawana mwamko. Umeitembea njia yao wewe? Kwa hatua za mtoto, mvua ikinyesha, giza halijaisha? Kamati yoyote inayokwenda kukagua kiwanja kwa gari nasema irudi ikaanze upya, itoke nyumba ya mwisho kabisa, kwa miguu.

Kuna anayenong'ona kwamba Afghanistan kulikuwa na vita, mfano haufai. Haya, nendeni Indonesia. Kati ya 1973 na 1978 serikali ilijenga shule za msingi zaidi ya 61,000. Esther Duflo, aliyekuja kupata Nobeli ya uchumi mwaka 2019, alichunguza watoto wa kipindi kile walipokuwa watu wazima. Palipojengwa shule nyingi zaidi, walisoma miaka mingi zaidi na mishahara yao ilikuwa mikubwa zaidi. Na hapo si Afghanistan.

Na wapangaji miji wanalijua hili zamani. Mwaka 1929 Clarence Perry, Mmarekani, alipendekeza mtaa upangwe kuizunguka shule ya msingi, mtoto afike bila kukatiza barabara kuu. Sisi tunagawa viwanja vya nyumba mpaka viishe, halafu shule tunaitafutia bonde linalojaa maji.

Walimu je? Ni swali la haki, jengo halifundishi. Lakini jibu lake ni kuomba walimu katika barua ile ile inayoomba jengo, na kufuatilia mpaka wapangwe. Nisichokubali ni swali hilo kutumika kuahirisha shule mwaka hadi mwaka, huku barua ya kuomba walimu hakuna aliyeiandika.

Nilikusudia kuzungumzia michango, zamu mbili za masomo, maji na uzio. Muda umekwisha, mwenyekiti ananitazama. Vyoo vya wasichana nitataja tu: viwe kwenye bajeti ya kwanza, visingoje awamu ya pili.

Lakini hati siiachi. Kiwanja kilichotolewa kwa mdomo hugeuka kesi mara mtoaji anapofariki na warithi wakafika. Kipimwe, mipaka iwekewe alama, maandishi yasainiwe mbele ya mashahidi na hati iwe ya shule, kabla ya tofali la kwanza. Anayewaambia karatasi zitafuata baadaye, msimkabidhi fedha.

Karibuni kwa maswali.