Pima Shingo Kabla ya Kuvuta

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za asubuhi. Leseni mnazo na gari mnalijua, kwa hiyo kuendesha sitawafundisha. Nimekuja kusema habari ya tela: lile la jenereta, la viti na maturubai ya sherehe, la simtank ya maji, linalofungwa nyuma ya Hiace. Wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi. Naanzia shingoni, yaani ile nguzo ya mbele ya tela inayofungwa kwenye gari, kwa sababu tela likiyumba barabarani watu hulaumu upepo, tairi na usukani, kumbe kosa lilifanyika wakati wa kupakia.

Uzito wa shingoni ni ule unaokandamiza lile tufe la chuma la milimita 50 ambalo kikombe cha tela hukaa juu yake. Uwe asilimia 7 hadi 10 ya uzito wote wa tela pamoja na mzigo, na usizidi kiwango kilichoandikwa kwenye kibao cha ndoano ya gari inayovuta tela. Tela la kilo 1,400 linataka kilo 98 hadi 140 shingoni. Kama kibao chako kinasema 100, basi mwisho wako ni 100, na hakuna mjadala.

Shingo ikiwa nyepesi, ina maana mkia ni mzito. Basi likikupita kwa kasi, upepo wake unausukuma mkia, unakwenda kushoto, unarudi kulia, na kila unaporudi umezidi. Kwenye kilomita 50 kwa saa huenda usihisi kitu. Kwenye 90, tela hilohilo, mzigo uleule, linalitupa gari nje ya barabara.

Hebu tuangalie viti. Kiti cha plastiki kina kama kilo 2.5, kwa hiyo viti 400 ni tani moja. Hivyo vimepangwa vizuri, sina ugomvi navyo. Ugomvi wangu ni mabomba ya turubai. Vijana huyapakia mwisho kwa sababu ndiyo yanayoshushwa kwanza. Kazini inawarahisishia, lakini chuma chote kimekaa mkiani! Mabomba yalale chini, juu ya ekseli na kusogea mbele yake kidogo, yafungwe kwa mikanda. Viti vifuate juu na pembeni. Kushusha kutachelewa robo saa. Acheni kuchelewe.

Najua kuna anayewaza, "Mwalimu, mimi naangalia kwa macho tu, nyuma ya gari ikilala najua imetosha." Macho hayajui hiyo. Springi za majani za Hiace ni ngumu, na tofauti ya kilo 50 huioni. Mwingine atasema wanaume wawili wakiinua shingo kwa shida, imekaa sawa. Wanaume gani? Wamekula nini? Pima.

Mizani ya kupimia watu inatosha. Simamisha tela lililopakiwa mahali tambarare, tia kabari magurudumu mbele na nyuma. Weka mizani chini ya kikombe, simamisha juu yake kipande cha boriti chenye kukifikisha kikombe kwenye urefu wa tufe, kisha fupisha mguu wa tela, ule wa mbele unaoishikilia shingo, mpaka shingo ishuke ilale juu ya boriti. Soma. Kama mizani yako inaishia 120 na unahofia kuiharibu, chukua ubao mgumu. Upande mmoja uulaze juu ya bomba, upande wa pili juu ya mizani, kati yao sentimita 120. Shingo ikae sentimita 40 kutoka kwenye bomba. Mizani itaonyesha theluthi moja, zidisha kwa tatu. Kabla ya kuzidisha, kumbuka kutoa uzito wa ubao na boriti uliosomeka kabla ya shingo kushuka.

Imezidi? Usifurahi pia. Hiace ndefu ina mita 2.57 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Tuseme tufe liko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kilo 100 pale zinaifanya ekseli ya nyuma ibebe 147, kwa sababu 47 zimenyanyuliwa kutoka mbele. Mbele ndiko kwenye usukani, ndiko breki zinakofanya kazi zaidi. Na kilo 100 hizo zihesabiwe kama mzigo wa gari, pamoja na abiria na vifaa vilivyomo ndani.

Simtank: ijae au iwe tupu. Lita 500 ndani ya tangi la 1,000 ni nusu tani inayotembea. Ukifunga breki inakimbilia mbele, ukiondoa inarudi nyuma, na uzito wa shingoni unabadilika nayo.

Sasa tela limeshaanza kuyumba. Kuna ushauri unazunguka vijiweni kwamba uongeze mafuta, eti litanyooka. Litanyooka sekunde mbili, halafu una kasi kubwa zaidi na kosa lilelile la upakiaji. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, usijaribu kulifuata kwa kukata kushoto na kulia, usikanyage breki ghafla. Likitulia, simama pembeni upange mzigo upya. Kupunguza mwendo tu hakujaponya kitu.

Breki. Tela lisilo na breki zake lisizidi kilo 750. Ndicho kikomo cha Ulaya, na kwa barabara zetu sioni sababu ya kukizidisha. Yale yenye breki za kusukumana hufunga pale tela linapolisukuma gari. Kwa hiyo kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, hata ukishuka kwa gia ndogo bila kugusa pedali, breki za tela zinafanya kazi muda wote na zinachemka. Ingia mteremkoni polepole, gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, na ukinusa harufu ya kuungua tafuta pa kusimama ungali na breki za gari.

Muda unanikimbia. Tairi: nimeona matela ya kilo 1,400 yana tairi mbili za Corolla zenye namba 88 ubavuni. Namba 88 ni kilo 560, mara mbili ni 1,120. Hesabu mnaiona. Tafuteni tairi za mzigo; ya Hiace yenye 106 inabeba 950. Nati zikazwe tena baada ya kilomita 50. Kila mkisimama gusa kitovu cha gurudumu. Kama hakishikiki kwa joto, beringi imekwisha au breki inashika.

Minyororo ya usalama ipite msalaba chini ya shingo, isiburuze. Ukishafunga kikombe, refusha mguu wa tela uinue shingo kana kwamba unataka kulitenganisha na gari. Nyuma ya gari ikipanda, kimeshika. Kikichomoka, bora kichomoke hapo ulipo.

Taa na kurudi nyuma tutavifanyia uwanjani. Tela liko pale limepakiwa na sijaligusa. Nahitaji ubao, bomba, na watu wawili.